Makala ya wiki mbili kwa malipo ya habari ya semina: nani atalipia?

Swali

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea mkoani Mtwara, nalipwa kwa stori. Msimu uliopita wa korosho nilizunguka vijijini wiki mbili kwa fedha zangu, nikaandika makala kuhusu kangomba. Mhariri aliipenda, akaipa kurasa mbili, watu wakaisambaza sana. Malipo yalipotoka nikakuta nimelipwa karibu sawa na habari ya mkuu wa wilaya kufungua semina, ambayo niliiandika kwa nusu saa. Wenzangu wawili wameshaacha: mmoja ni ofisa habari wa halmashauri, mwingine ana chaneli ya YouTube. Makala za aina hii zina mbele kweli? Na kama zina, nani atazilipia?"

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Zina mbele, lakini gazeti linalolipa kwa stori halitakuwa mlipaji wake mkuu, na sidhani kama atapatikana mtu mmoja wa kuubeba mzigo wote. Itabidi uchanganye fedha za watatu au wanne, na kazi yenyewe hasa ni kujua kila mmoja wao anataka nini kwako. Wengi hupotelea hapo. Tunahangaika kumtafuta mwenye fedha, tukimpata tunasahau kumuuliza shida yake.

Tuanze na gharama, maana karibu kila mwandishi ninayemuuliza makala yake iligharimu kiasi gani hunijibu "nilijitolea tu". Chukua hiyo ya kangomba. Kwa msomaji asiye wa kusini: ni ununuzi wa korosho za mkulima kinyemela, nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ule wa kupeleka korosho ghalani ziuzwe kwa mnada, mara nyingi zikiwa bado juu ya mti, kwa bei ya kutupa. Mwezi wa sita kuna palizi, kuna dawa ya kupuliza, mtoto anadaiwa michango shuleni na ndani hakuna kitu. Minada ni mpaka Oktoba. Anakuja mtu na noti mkononi. Kuliandika hilo sawasawa unamhitaji mkulima aliyeuza na jirani yake aliyekataa. Unamhitaji kangomba mwenyewe, yaani huyo mnunuzi wa kinyemela, ambaye siku ya kwanza atakukana, ya pili atakuuliza nani kakutuma, ya tatu ndiyo atakaa kitako aongee. Unamhitaji katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na daftari lake la mizani, ofisa ushirika, na mtu wa Bodi ya Korosho. Tena lazima urudi nyuma hadi Novemba 2018, Rais Magufuli alipoagiza jeshi likanunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wenye zaidi ya kilo 1,500 wakapitishwa kwenye uhakiki ili kangomba wanaswe. Msomaji asipolijua hilo hataelewa kwa nini mkulima wako anaogopa kutaja idadi ya magunia yake.

Sasa weka bei. Nitakadiria, wewe rekebisha kwa unavyoyajua ya huko kwenu. Bodaboda ya kutwa 20,000 kwa siku kumi za vijijini: 200,000. Gesti ya 15,000 kwa usiku sita, siku nyingine ukirudi nyumbani: 90,000. Chakula 100,000. Bando na vocha 30,000. Kutoa nakala za nyaraka, na kijana wa kukutafsiria pale mzee anapoamua kuongea Kimakonde kitupu: 50,000. Hapo ni 470,000 na wewe mwenyewe hujajilipa. Ukijihesabia 40,000 kwa siku kwa siku kumi na nne, kumi za kuzunguka na nne za kuandika, unaongeza 560,000. Jumla 1,030,000, kabla ya mpigapicha, mhariri, na mwanasheria ambaye angepaswa kuipitia kabla haijaenda mtamboni.

Gazeti likiuzwa shilingi 1,000, sehemu inabaki kwa wakala na muuzaji, nyingine inakwenda kwenye karatasi na wino. Ili makala yako ijilipe yenyewe ingebidi inunuliwe nakala elfu kadhaa za ziada kwa ajili yake tu, siku ile ile moja. Haitatokea. Mhariri wako analijua hilo hata kama hakukuambia, na ndiyo maana amekulipa sifa.

Usidhani ni umaskini wetu. Mwaka 2009 shirika la ProPublica la Marekani, pamoja na jarida la New York Times, walichapisha uchunguzi wa Sheri Fink kuhusu wagonjwa waliofia katika hospitali ya Memorial, New Orleans, wakati wa kimbunga Katrina. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka miwili na gharama yake inakadiriwa kufikia dola 400,000. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer. Wasomaji wa siku ile hawakuilipia hata robo. Nyuma yake kulikuwa na familia tajiri ya Sandler, ambayo ndiyo iliyotoa mtaji wa kuanzisha ProPublica, na gazeti kubwa lenye matangazo na wasomaji wanaolipa kwa mwaka. Hata huko mkono mtupu haulambwi.

Na kwetu tangu zamani mlipaji amekuwa mwingine, msomaji akichangia senti zake tu. *Msimulizi*, gazeti la kwanza la Kiswahili, lilichapwa Kiungani, Unguja, mwaka 1888, na waliolipa walikuwa wamisheni wa Kianglikana wa UMCA. *Mambo Leo*, lililoanza 1923, lililipiwa na serikali ya kikoloni, na ndimo Waswahili walimosoma mashairi ya Shaaban Robert. *Uhuru* lilikuwa la TANU. Miaka ya 1990 magazeti binafsi yaliporuhusiwa, mlipaji akawa mwenye tangazo: bia, benki, kampuni za simu, zabuni, nafasi za kazi. Ukurasa mzima wa zabuni uliweza kugharimia safari ya mwandishi kwenda Kigoma, na mwenye zabuni hakujua wala hakujali kama Kigoma ipo. Mlipaji aliyefaa kuliko wote ni yule, kwa sababu alinunua macho ya wasomaji na hakuwa na haja na habari yako. Lakini ameondoka. Kampuni ya simu leo inamfikia mteja kwa ujumbe mfupi bila kupita kwa mhariri, na tangazo la kazi unaletewa kwenye kundi la WhatsApp.

Aliyebaki na matangazo makubwa ni serikali, na huyu ana fedha mkono mmoja na rungu mkono wa pili. Kenya walianzisha wakala wa matangazo ya serikali mwaka 2015, na tangu hapo kilio cha vyombo vya habari ni kuchelewa kulipwa madeni. Machi 2024 katibu wa utangazaji akaagiza matangazo yote ya serikali ya redio na televisheni yapelekwe KBC, shirika la utangazaji la taifa, peke yake. Hapakuwa na gazeti lililofungwa wala mwandishi aliyekamatwa, lakini mabosi wa vituo binafsi waliuelewa ujumbe. Kwetu rungu liko kwenye leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilimtaka hata mwenye blogu alipe ada za zaidi ya shilingi milioni mbili kwa mwaka wa kwanza, na ingawa zilipunguzwa baadaye, wengi walikwishazima. Oktoba 2024 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilisitisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications kwa sababu ya katuni ya video iliyogusa watu waliopotea. Siku 30 bila matangazo ya mtandaoni ni hesabu ambayo kila mmiliki ataikumbuka siku utakapompelekea makala yenye jina la kigogo.

Kuna mlipaji mwingine ambaye hatumtaji kwenye makongamano yetu. Ni yule unayemwandika. Nauli ya mwandishi, posho ya semina, mshiko, bahasha, ite utakavyo. Ukitaka ukweli, sehemu kubwa ya habari za mikoani leo inalipwa na waandaaji wa matukio yenyewe, na ndiyo sababu habari ya semina ina nauli na ya kangomba haina. Ile nusu saa yako ilikuwa imeshalipiwa na halmashauri kabla hujakaa kwenye kiti. Simlaumu mwandishi anayelipwa kwa stori na ana watoto. Namlaumu mwajiri anayejua kabisa kwamba malipo yake hayatoshi nauli, naye analala usingizi kwa sababu anajua mwenye semina atatoa.

Twende kwa wahisani. Wamefanya mengi, tuseme kweli. Tangu 2008 Mfuko wa Vyombo vya Habari Tanzania, TMF, umewapa waandishi ruzuku na walezi wa kuwasimamia, na kuna habari za vijijini zisingeandikwa kamwe bila ruzuku zile. Ubaya wake unaujua pia. Mwaka wa maji kila mtu anaandika maji, mwaka wa lishe wote tunageuka mabingwa wa lishe, na kangomba anasubiri mpaka atokee mhisani mwenye mradi wa korosho. Halafu fedha hizo zinakatwa kutoka mbali. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na miongoni mwa waliotikisika ni mashirika ya habari ya nchi nyingi yaliyokuwa yakitegemea USAID, shirika lake la misaada. Machi mwaka huo huo ikaja zamu ya VOA, redio ya Sauti ya Amerika. Idhaa ya Kiswahili ikanyamaza, na waliokuwa wakiipelekea ripoti kutoka mikoani na nchi jirani wakajikuta hawana mnunuzi.

Ushauri wangu kwa ruzuku: ichukue kwa kitu kinachokwisha. Safari, nyaraka, mwanasheria, kamera. Usiitegemee kwa mshahara wala pango. Ruzuku iliyolipa bodaboda ikikatika, makala ya pili inachelewa. Iliyolipa mishahara ikikatika, chumba cha habari kinafungwa na meza zinauzwa.

YouTube nitaipitia haraka. Mwenzako anaweza kufanikiwa, wapo waliofanikiwa. Ila malipo yake hufuata idadi ya watazamaji na bei ya matangazo katika nchi wanakotazamia, na bei hiyo kwetu ni ndogo. Ili ule lazima utoe video kila siku, na mtu anayetoa video kila siku hana siku tatu za kumsubiri kangomba akae kitako. Mashine za akili mnemba nazo zinasoma kazi zetu na kuwajibu watu bila wao kufika kwetu. New York Times imeishtaki OpenAI tangu Desemba 2023. Gazeti la Kiswahili halina ubavu wa kesi ya namna hiyo, kwa hiyo sioni fedha ya karibu upande huo.

Anabaki msomaji. Hapa nitakaa kidogo.

Watu wakitaja mafanikio ya kumlipisha msomaji, hutaja New York Times: iliweka ukuta wa malipo 2011, na leo ina zaidi ya wateja milioni kumi. Kisichotajwa ni kwamba wengi wao wanalipia pia mafumbo na mapishi. Januari 2022 kampuni hiyo iliununua mchezo wa maneno wa Wordle, na mpenzi wa mchezo ule leo anamlipia mwandishi wa vita bila kujua. Sisi tunalo fumbo letu, ni Simba na Yanga. Gazeti la *Mwanaspoti* na *Mwananchi* hutoka nyumba moja, na sioni aibu yoyote kwa habari ya usajili wa mshambuliaji kugharimia uchunguzi wa korosho. Mmiliki mwenye gazeti la michezo linalouza halafu akakwambia hana nauli ya kukutuma Newala, mtazame mara mbili.

Kenya, Nation iliweka ukuta wake mwaka 2021, ikiwa na bahati ya M-Pesa: msomaji halazimiki kuwa na kadi ya benki. Hata hivyo sitamshauri mtu wa Kiswahili ajenge ukuta leo. Unajua gazeti linavyosomwa kwetu. Asubuhi vichwa vya habari vinasomwa redioni, kurasa za mbele zinapigwa picha na kuwekwa mitandaoni, na saa mbili hazijafika gazeti zima liko kwenye makundi ya WhatsApp. Ukuta utarukwa na mtu mmoja, naye atawafungulia mlango mia nne. Wenye akili wakafuata njia hiyo hiyo. Aprili 2020 waandishi wa Afrika Kusini walianzisha *The Continent*, gazeti la kila wiki lililotengenezwa lisomeke kwenye simu na lipite kwenye WhatsApp bila malipo. Wao wamelifanya kundi la WhatsApp kuwa muuza magazeti wao. Kulipia ni suala jingine, na bado sehemu kubwa wanawategemea wahisani, lakini walau wasomaji wao wanajulikana, wanafikika, wanajibu.

Daily Maverick, gazeti la mtandaoni la Afrika Kusini pia, wamekwenda hatua ya pili. Mwaka 2018 walianzisha uanachama: habari ziko wazi kwa wote, anayetaka anachangia kila mwezi anachoweza. Mwaka mmoja kabla, wao na amaBhungane, kituo cha waandishi wa uchunguzi, walikuwa wametoa nyaraka za GuptaLeaks zilizoonyesha jinsi familia moja ilivyojipenyeza serikalini. Mwanachama alijua analipia kitu gani. Linganisha na Waholanzi wa De Correspondent, gazeti la mtandaoni: mwaka 2013 walichangiwa zaidi ya euro milioni moja hata kabla ya kuchapisha neno, wakafaulu, wakajaribu toleo la Kiingereza kwa dunia nzima, wakakusanya dola milioni 2.6 mwaka 2018, na kufikia mwisho wa 2020 toleo lile likafungwa. Kwa maoni yangu lilikosa kwao. Mtu huchangia jambo lenye jina, lenye mahali, ambalo anaweza kesho kuulizia limefika wapi.

Na hilo la kuchangia nani atatufundisha? Fikiria kundi la mchango wa harusi. Mweka hazina anatuma orodha: jina, ahadi, kilicholipwa, kilichobaki. Kila fedha ikiingia, orodha inatumwa upya, na mtu akiona jina lake bado lina sifuri anachomoa simu usiku huo huo. Hakuna anayeuliza atapata faida gani. Anajua harusi ya nani, tarehe gani, bajeti ya ukumbi na chakula ni kiasi gani, na kamati ni akina nani. Sasa niambie ni lini mwandishi wa Tanzania aliwahi kuwawekea watu bajeti ya makala yake namna hiyo. Tunawaomba "mtuunge mkono uandishi huru", maneno makubwa yasiyo na tarehe wala ukumbi, halafu tunashangaa hawatoi.

Jaribu hivi. Chukua ile hesabu ya 470,000 ya safari, iandike wazi, mstari kwa mstari. Sema: nataka kuandika nani ananufaika na kangomba, itatoka mwezi wa kumi, mhariri fulani amekubali kuichapisha. Peleka kwa wana Mtwara walioko Dar, walioko Muscat, London na Marekani. Watu wa kusini wenye mashamba ya urithi ya mikorosho huko kwao wana sababu ya kutaka kujua. Hutapata milioni. Ukipata watu mia moja wa 5,000, una bodaboda, gesti, chakula na nyaraka, na hukumwomba mwenye semina hata senti.

Masharti yake ni magumu kuliko ya harusi, na usiyalegeze. Usipokee kwa mtu mwenye kesi katika habari hiyo: kiongozi wa AMCOS, mnunuzi, mwenye ghala, mwanasiasa wa jimbo. Weka kikomo, asiwepo anayetoa zaidi ya, tuseme, 50,000, kwa sababu mwenye laki tano atataka kuisoma kabla haijatoka. Harusini kila jina husomwa kwa sauti. Huku wapo watakaoogopa kuonekana, waache wafichwe mbele ya umma ila mhariri awajue wote. Na makala ikitoka, warudishie hesabu na risiti, pamoja na salio. Makala isipotoka, warudishie fedha iliyobaki na maelezo. Ukifanya hivyo mara mbili, ya tatu hutaomba kwa unyonge.

Kwa nini nang'ang'ania fedha hii ndogo wakati kuna kubwa? Kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya hao mia anayeweza kumpigia mhariri simu saa nne usiku akamwambia aiondoe. Mwenye tangazo anaweza, waziri anaweza, mhisani atakwambia kwa upole kwamba "haiendani na malengo ya mwaka huu". Fedha ndogo ya wengi haitatosha peke yake, hilo nimeshakuonyesha kwa hesabu. Iwe ndiyo ya kwanza kuingia, nyingine zije juu yake.

Nyingine hizo utazipata kwa kuiuza kazi moja zaidi ya mara moja. Ulikaa na mkulima saa mbili, una sauti yake kwenye simu. Gazeti limetumia mistari minne. Mkulima wa Tandahimba na majirani zake wengi hawataliona gazeti, ila redio wanayo shambani. Sauti ile ikikatwa vizuri ni kipindi cha redio cha dakika kumi na tano. DW na BBC kwa Kiswahili hununua ripoti kutoka mikoani, na fedha yao ni ya walipa kodi na walipa ada wa Ujerumani na Uingereza, wasio na shamba Masasi. Toleo la Kiingereza, likieleza soko la korosho lilivyofungamana na wanunuzi wa India na Vietnam, lina mnunuzi wake tofauti. Safari ni ile ile, nyaraka ni zile zile. Unachoongeza ni siku chache za kuandika upya.

Ila hayo yote yanadai makala yenyewe iwe nzuri, na urefu pekee hauifanyi kuwa nzuri. Nimesoma makala nyingi za kurasa mbili ambazo ni habari ya semina iliyonenepeshwa: mtaalamu kasema, mkurugenzi kafafanua, mwananchi mmoja kaomba serikali iangalie. Hizo hazitalipiwa na yeyote, na ni haki. Simulizi inayolipiwa ina mtu anayetaka kitu na kizuizi kinachoonekana. Mweke msomaji pale meza ya AMCOS, katibu akifungua daftari, kidole kikishuka kwenye safu ya kilo hadi jina la mtu ambaye hana hata mti mmoja wa mkorosho lakini ameuza tani mbili. Ukishampata huyo, takwimu za msimu mzima zitasomeka bila kulazimisha.

Jambo moja zaidi kuhusu nani analipa, na hili halina mzaha. Azory Gwanda alikuwa akiandika kwa kujitegemea kutoka Kibiti, katika kipindi cha mauaji ya viongozi wa vijiji na polisi. Alikuwa akiliandikia *Mwananchi*. Alitoweka Novemba 21, 2017, na hajaonekana tena. Mwandishi wa mkoani asiye na ajira ndiye anayebeba hatari kubwa zaidi kwa malipo madogo zaidi, na hakuna mfadhili wala mhariri anayeweza kusema halijui hilo. Kwa hiyo kwenye bajeti yako weka mstari wa usalama: nani anajua uko kijiji gani leo, nani atampigia nani ukikosekana jioni, na mwanasheria gani ana namba yako. Mhariri akiona mstari huo hauna maana, aende yeye mwenyewe kwa kangomba.

Mwisho, haki zako. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, aliyeiandika kazi ndiye mwenye haki ya kwanza, na kazi ya mwajiriwa ndiyo huenda kwa mwajiri kama hawakukubaliana vinginevyo. Wewe si mwajiriwa. Umeambiwa hivyo kila ulipoomba bima. Basi tumia faida ya hilo. Ukipeleka wazo lijalo, ambatanisha bajeti ya safari na sentensi mbili: gazeti linapata haki ya kuchapisha kwanza, karatasini na mtandaoni; sauti, video, tafsiri na kitabu vinabaki kwa mwandishi. Omba ujibiwe kwa barua pepe, hata kwa neno moja la "sawa". Mhariri akisema kampuni haiandikiani mikataba na wanaolipwa kwa stori, mwambie barua pepe hiyo inatosha, na umtaje tarehe ya mwisho ya kujibu, kwa sababu kuna mhariri wa redio utakayemwandikia siku inayofuata.